Mrejesho: yale makato ya akiba yangu ya uzeeni

Wakuu, ni mimi niliyeuliza kwa nini akiba yangu ya uzeeni inakua taratibu wakati taarifa ya mwezi haionyeshi makato yoyote. Jumatatu nilifunga cherehani, nikapanda daladala kutoka Nkuhungu hadi mjini, nikawauliza wenyewe ofisini kwao, wanaosimamia mfuko ninaoweka akiba hiyo.

Kumbe makato yapo. Ada ya usimamizi ni 1.5% kwa mwaka, inatolewa kidogokidogo kila siku kwenye mfuko mzima kabla bei ya kipande (fungu moja la mfuko, ndilo tunalonunua tunapoweka akiba) haijatangazwa, ndiyo maana idadi ya vipande vyangu haipungui. Kwa milioni 4 zangu ni kama 60,000 kwa mwaka. Nikaona si kitu, mpaka dada wa pale ofisini akanipigia hesabu: faida ya 10% kwa mwaka kwa miaka 20 inazifikisha milioni 26.9, ikibaki 8.5% baada ya ada ni milioni 20.4. Nilinyamaza. (Mume wangu hakunyamaza.)

Sijahama, maana nikitoka kabla ya mwaka kuisha nakatwa 1% nyingine. Ila nimeacha kutuma elfu tano tano kwa simu, sasa natuma mara moja kwa mwezi ili kupunguza makato ya kutuma. Aliyeniambia niombe kijitabu cha masharti, asante sana. Ada zote zilikuwemo, kurasa za mwisho mwisho huko, maandishi kama sisimizi.