MREJESHO: Kuunganisha foleni na mwenzangu, nani abebe gharama

Habari wakuu, nimerudi. Niliuliza mwezi uliopita kama mimi na mtoa huduma mwenzangu tuunganishe foleni. Kila mmoja ana uwezo wa wateja 10 kwa saa, mimi napokea 9 yeye 5. Asanteni sana mlionipigia hesabu.

Tumeunganisha. Ile fomula ya foleni mliyotumia ilisema mteja wangu anakaa wastani wa dakika 60, wa kwake 12, tukiwa kitu kimoja chenye uwezo wa wateja 20 kwa saa wote dakika 10, na kweli foleni imepungua sana ila dakika 10 hatujaiona, maana asubuhi wateja wanakuja kwa mkupuo na fomula inadhani wanakuja mmoja mmoja hovyohovyo, kwa kasi ileile muda wote.

Shida ikawa kugawana gharama za foleni, yaani hasara ya wateja kukaa wakisubiri. Ushauri wa kugawa kwa idadi ya wateja ulifeli siku ileile, jamaa akaniuliza "yaani mimi napata dakika mbili we unapata hamsini, halafu nilipie?" Nikakosa jibu, ana haki bwana. Nikajaribu njia ya Shapley (kanuni ya kihesabu ya kugawana), ambayo kwa watu wawili ni kugawana nusu kwa nusu faida ya kuungana, na kwa kuwa karibu faida yote ni yangu, ikatoka yeye hachangii kitu na bado mimi nimlipe juu! Hapo na mimi nikagoma, roho iliniuma.

Tukakutana katikati: gharama zote za foleni nabeba mimi, yeye sifuri. Bado ni nafuu kwangu kuliko nikiwa peke yangu. Aliyesema tuandikishane kabla ya kuanza, mkuu unanidai soda, tungeshagombana.

Za mafunzo ya wafanyakazi ndo bado tunavutana.