Majina ya uongo kwenye faili: acheni kuyaita utani wa enzi zile

Wakuu, nimevumilia sana, leo naongea. Kila zikitajwa enzi za Napster na LimeWire, zile programu za kubadilishana nyimbo mtandaoni, watu wanacheka, eti ulikuwa unashusha wimbo unapata kirusi, raha tupu. Raha gani?

Kwa modemu ya laini ya simu, kilobiti 56 kwa sekunde, wimbo mmoja ulikuwa robo saa na zaidi. Umekodolea macho ule mstari unavyojaa, 96, 97, mtu chumba cha pili ananyanyua simu, laini imekatika, anza moja. Ukifanikiwa unafungua, kumbe ni faili ya mtego, kiitikio kilekile kinajirudia mpaka mwisho. Au jina linaishia .mp3.exe, yaani ni programu, si wimbo, na Windows ilivyozoea kuficha zile herufi za mwisho, unaona .mp3 tu, unabonyeza. Kirusi cha barua pepe cha ILOVEYOU, Mei 2000, kilipita mlango huohuo.

Kinachoniuma zaidi ni uongo uliobaki hadi leo. Napster haikuhifadhi nyimbo, ilihifadhi orodha ya majina, na jina aliandika yeyote mwenye faili. Hakuna aliyekagua. Ndivyo "Don't Worry, Be Happy" ilivyosambaa kwa jina la Bob Marley. Jamani! Marley alifariki 1981, wimbo umetoka 1988, ni wa Bobby McFerrin. Hauna ala hata moja, kila unachosikia mle kimetoka kinywani na mwilini mwake. Mtu kafanya kazi ile peke yake, halafu mvivu mmoja anampa mwingine sifa. Juzi tu nimebishiwa na mtu mzima: "Mimi nilikuwa nayo kwenye folda, imeandikwa Marley." Imeandikwa na nani?

Na ile barua pepe ya 2002 kuhusu faili ya jdbgmgr.exe, yenye picha ya dubu mdogo, kwamba ni kirusi kimelala siku 14, kifute haraka? Niliifuta. Nikawatumia na wenzangu wote niliokuwa na anwani zao. Ilikuwa faili halali ya Windows! Ilibidi nimwandikie kila mmoja tena kumwomba radhi, na wengine walishaisambaza mbele.

Kama bado una wimbo ule wenye jina la Marley, usije kunihadithia kumbukumbu hapa. Nenda kwenye folda, badilisha jina, andika Bobby McFerrin. Leo hii.