Dawa ya sonona imepungua nguvu: tuongeze dozi au tubadilishe?

Mdau_Kimya
Wakuu, naomba ushauri. Mdogo wangu anatumia sertralini miligramu 50 kila asubuhi. Ilimkaa vizuri kwa miezi kadhaa, ila sasa usingizi umekata, chakula hakipiti na kilio kimerudi. Anataka ajipandishie mpaka 100, au aiache aanze nyingine. Kliniki ni wiki ijayo. Tufanyeje?

Dirisha_la_Dawa
Pole kwa kuuguza, ndugu. Asijipandishie. Anza na pakiti yenyewe: hesabu vidonge vilivyobaki, linganisha na tarehe aliyochukua. Mtu akipata nafuu huanza kuruka siku moja moja bila hata kujua, na sertralini hupungua nusu mwilini kwa takriban saa 26. Akiruka siku mbili mfululizo, kiwango kimeshaporomoka.

Kisha andika kila kitu kingine anachomeza. Rifampisini ya kifua kikuu, karbamazepini na fenitoini za kifafa hulichochea ini livunje sertralini haraka. Anameza 50 ileile, lakini kinachobaki kwenye damu ni kidogo. Taja pombe pia, na mitishamba ya kutuliza mawazo. Dawa ya maumivu ya tramadoli msiifiche hata kidogo: ikikutana na sertralini inaweza kuleta kutetemeka, jasho jingi, kuhara, homa na misuli kukakamaa. Hiyo ni dharura, siyo maudhi madogo ya dawa.

Wodi_Namba_Nne
Nakazia hapo. Ikithibitika anameza ipasavyo na hakuna dawa inayogongana nayo, bado nafasi ipo: kwa mtu mzima 50 ni dozi ya kawaida ya kuanzia, na ukomo ni 200 kwa siku. Daktari hupandisha kwa 25 au 50, hatua moja baada ya nyingine, zikipishana si chini ya wiki moja. Kuhukumu kama dozi mpya imefanya kazi huchukua wiki nne hivi, kwa hiyo msikate tamaa siku ya tano.

Ajaze dodoso la PHQ-9, linalopima ukali wa sonona, leo, kisha kila baada ya wiki mbili. Ni maswali 9, kila moja alama 0 hadi 3, jumla 27. Zikishuka nusu, dawa imeitika. Nafuu kamili ni chini ya 5. "Najisikia hivi hivi tu" haimsaidii daktari kuamua.

Ombeni pia kipimo cha tezi ya thairoidi na cha wingi wa damu, maana tezi hiyo ikizembea au damu ikipungua huleta uchovu unaofanana kabisa na sonona. Na kuna swali ambalo familia ndiyo hulijibu vizuri kuliko mgonjwa: amewahi kuwa na siku kadhaa za kulala kwa muda wa saa tatu tu bila kuchoka, anaongea mbio, anatapanya fedha, ana mipango mikubwa isiyoisha? Kama ndiyo, semeni kliniki kabla dozi haijaguswa. Huenda ni ugonjwa wa hisia mbili, na kumwongezea dawa ya sonona peke yake kunaweza kumrusha upande wa pili.

Mdau_Kimya
Asanteni sana. Na kama atabadilishiwa? Kuna fluoksetini, dawa nyingine ya sonona, ya mtu mwingine ilibaki nyumbani. Ana miaka 22.

Dirisha_la_Dawa
Hiyo msiiguse, irudisheni famasi. Sertralini hupunguzwa taratibu. Ikikatwa ghafla huleta kizunguzungu, kichefuchefu na mishtuko kama ya umeme kichwani, watu wakadhani ugonjwa umerudi. Tofauti iko kwenye muda: hali hiyo huanza ndani ya siku chache na hutulia upesi dozi ikirudishwa, wakati sonona hurudi polepole kwa wiki. Fluoksetini yenyewe hubaki mwilini wiki kadhaa baada ya kuachwa, na hupandisha kiwango cha amitriptilini, nayo dawa ya sonona, mtu akizichanganya.

Wodi_Namba_Nne
Kwa umri huo, wiki za mwanzo za kila badiliko la dozi mwangalieni kwa karibu. Walio chini ya miaka 25 wanaweza kupata mawazo ya kujiua, hasa wakiwa na wasiwasi mkali na kutotulia. Dawa zikae kwa mtu mwingine, apewe za siku chache chache. Muulizeni waziwazi kama anafikiria kufa. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Akikubali, msisubiri kliniki ya wiki ijayo: mpelekeni hospitali leo hii, na asiachwe peke yake njiani.