MJADALA: Karanga za Kongwa au maji ya Ugogo, mkoloni alipaswa kuanza na lipi?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Mwezi uliopita nilikuwa Kongwa, Dodoma, msibani. Mzee mmoja akanipeleka shambani, akachukua jembe akapiga ardhi. Likalia ngii, kama limegonga jiwe. Akacheka: "Hapa ndipo Mwingereza alitaka kuchimbua karanga."

Kwa wasioijua habari yenyewe: mwaka 1946 Frank Samuel wa United Africa Company, kampuni ya biashara ya Waingereza, aliipelekea serikali ya Uingereza wazo la kulima karanga Tanganyika kwa matrekta, mamilioni ya ekari. Kazi ikaanza Kongwa mwaka 1947. Vifaru vya vita vikageuzwa matrekta, mnyororo wa nanga ya meli ukafungwa kati ya mabuldoza mawili ili kung'oa vichaka. Mvua ikagoma. Kiangazi udongo ukakauka kama tofali, karanga zikabaki humohumo. Mwaka 1951 wakafunga hesabu, karibu pauni milioni 36 zikiwa zimeteketea.

Msimamo wangu: sehemu ya hela ile ingechimba malambo na visima Ugogo nzima. Nchi hii ilikuwa imetoka kwenye Mtunya, njaa ya 1918 hadi 1920, baada ya majeshi ya Vita Kuu ya Kwanza kubeba nafaka, ng'ombe na wapagazi, kisha ukame ukamalizia. Serikali yenye akili ingeanza na maji. Karibuni mnipinge.

Mzee wa Reli

Mkuu, unachanganya daftari mbili. Hela ya karanga haikuwa ya bajeti ya Dar es Salaam, ilitoka hazina ya London kupitia Overseas Food Corporation, shirika la serikali ya Uingereza lililoendesha mradi. Waingereza wenyewe walikuwa wanapimiwa mafuta ya kula kwa mgao baada ya vita, ndicho kilichowaleta. Mradi usingekuwepo, hela ile isingekuja Ugogo hata senti. Unalaumu bajeti ambayo haikuwepo.

Halafu usisahau, ardhi iliyosafishwa ndiyo ikaja kuwa ranchi ya Kongwa. Si kila kitu kilipotea.

Mleta mada

Hoja nzito, nakubali nusu. Hela ilikuwa yao, sawa. Lakini ardhi ilikuwa ya nani? Vibarua walitoka wapi? Bandari ya Dar es Salaam ilielemewa na mitambo yao, na hapa kwetu likajengwa tawi la reli kutoka stesheni ya Msagali. Reli wewe unaijua kuliko mimi: tawi lile liko wapi leo?

Na tukija kwenye bajeti ya koloni yenyewe, ndiyo mbaya zaidi. Mgogo alitoa ng'ombe mnadani ili alipe kodi. Waliokaa kugawa mapato ya kodi hiyo walikuwa Baraza la Kutunga Sheria, lililoanza 1926. Waafrika wa kwanza, Chifu Kidaha Makwaia na Chifu Abdiel Shangali, waliingia 1945. Miaka 19 mlipa kodi hana kiti! Halafu tunashangaa kwa nini lambo halikuwa kipaumbele.

Binti Mpwapwa

Kaka zangu, mnabishana hela ilitoka mfuko upi. Kwetu Mpwapwa kituo cha utafiti wa mifugo kipo tangu enzi za Mjerumani, kwa hiyo msiniambie hawakujua hii ni nchi ya ng'ombe na kiangazi kirefu. Walijua.

Bibi yangu alikuwa anafukua mchanga wa mto Kinyasungwe kwa kata. Unachimba mpaka kiwiko, unakaa pembeni, unasubiri maji yachuje taratibu, unateka, unasubiri tena. Ndoo moja inakula nusu asubuhi, na nyuma yako kuna foleni ya wanawake na mbuzi. Huyo angeulizwa, angesema maji. Karanga za kuunga mlenda alikuwa nazo tayari, kashamba kadogo nyuma ya tembe, kwa jembe la mkono, na alivuna kabla ardhi haijakaza. Alijua zinavunwa lini. Wataalamu wa pauni milioni 36 hawakumuuliza hata hilo.

Mzee wa Reli

Hapo kwenye mlenda nimenyoosha mikono, binti yangu. Na tawi la Msagali, mkuu, liling'olewa, usinichokoze. Ila kwenye hazina ya London sirudi nyuma.