Ushauri: Baiskeli ya tairi moja inagonga kwenye habu (kitovu cha gurudumu), nitajuaje kama imepasuka?

TairiPweke: Wakuu, habari za muda huu. Nina baiskeli ya tairi moja. Tangu juzi kila nikihamisha uzito toka mguu huu kwenda huu, inalia "tak". Nikirudi kinyumenyume ndiyo inazidi. Pedali ya kushoto ilikuwa imelegea, nikaizungusha kuelekea kulia ikashika vizuri, ila mlio uko palepale. Habu kwa nje haina kitu. Naikaguaje bila kufumua gurudumu zima? Natanguliza shukrani.

MzeeWaKarakana: Yangu ya tairi mbili ililia hivyohivyo. Nikafungua habu, nikapaka grisi, nikafunga, wiki nzima. Kumbe ni kiti. Anza na kiti.

Kijiweni: La pili umeuza? 😂

Spana13: Mleta mada, achana na kiti kwanza. Hiyo haina mnyororo. Mikono ya pedali imeshika ekseli, ekseli imeshika habu, kwa hiyo ukikanyaga mbele au ukifunga breki kwa miguu, nguvu yote inapita hapo. Ipindue, mtu ashike tairi lisizunguke, wewe shika mikono yote miwili uitikise mbele nyuma. Ukicheza mmoja, huo umelegea kwenye ekseli. Ikicheza yote kwa pamoja, ekseli inateleza ndani ya habu, na hapo una msiba.

TairiPweke: Unacheza wa kushoto tu, kama unene wa ukucha. Basi habu ni nzima, nikaze bolti niendelee?

Spana13: Ncha ya ekseli ni ya pembe nne au ya menomeno? Na ilianzaje?

TairiPweke: Pembe nne. Ilianza tu.

BiMkubwa: Mwanangu, chuma hakilegei kwa kuwaza. Sema ukweli usaidiwe.

TairiPweke: Haya. Niliruka nayo toka kwenye ukuta wa usawa wa kiuno. Mara tatu. Na si yangu, nimeachiwa nitunze, mwenyewe anarudi Jumapili. Ila nimeshaongea na fundi wa kuchomelea, anashika mkono na ekseli moja kwa moja, havichezi tena. Naona ni sawa tu, kitakuwa imara kuliko kilivyokuwa.

BiMkubwa: Nguo ya kuazima haisitiri matako. Mpigie mwenyewe leo.

MzeeWaKarakana: Mimi niliazimwa pampu, hadi leo haijarudi.

Spana13: Usichomelee! Beringi ya upande huo haitatoka tena milele. Toa bolti, vuta mkono kwa kifaa chake cha kuvutia, nyundo weka mbali. Tazama tundu la mkono: kona nne ziwe kali. Zikiwa zimelika, hata ukaze vipi utalegea tena. Kisha futa ekseli uone kama nyuso zake bado bapa, halafu zungusha gurudumu polepole ukiangalia ncha. Ikichora kiduara, imepinda. Mwisho safisha kingo za habu, kagua katikati ya matundu ya spoki. Uchafu unafutika, ufa unabaki kama unywele mweusi.

TairiPweke: Nimekagua. Ekseli bapa, haichori kiduara, ufa hakuna. Tundu la mkono limekuwa kama yai. Nimeshalipia mkono mpya wa kushoto.

Kijiweni: Wakuu, hii chai. Pedali ya kushoto inakazwa kwa kuzungusha kushoto. Huyu anasema aliizungusha kulia ikashika. Hana baiskeli yoyote, anatupotezea muda.

BiMkubwa: Mimi nimeshamwombea tayari jamani.

TairiPweke: Sijadanganya! Ilishika kabisa.

Spana13: Kijiweni, subiri. Mleta mada, uliwahi kulitoa gurudumu?

TairiPweke: Nilibadilisha tairi wiki iliyopita. Sikuona umuhimu wa kulitaja.

Spana13: Soma herufi kwenye ekseli ya hiyo pedali ya kushoto.

TairiPweke: R.

Spana13: R ni ya kulia. Ulirudisha gurudumu kinyume. Ndiyo maana pedali ililegea, ukienda mbele zinajifungua zenyewe. Ligeuze. Na mkono uliolika ni wa kulia.

Kijiweni: Naomba radhi. Umelipia wa upande gani vile? 😂

TairiPweke: Ngoja nimpigie muuzaji.