Koili mbili, omu zinaruka kutoka 0.43 hadi 0.85. Waya ni feki?

mkazi_wa_umoja
Habari za jioni wadau. Kwenye sigara yangu ya kielektroniki (vape) niliacha koili za dukani, zile waya za kuchemshia juisi, sasa najizungushia mwenyewe. Atomaiza yangu, kile kichwa kinachobeba koili, ni ile ya kudondoshea juisi, haina tangi, ina nguzo mbili na skrubu nne. Waya ni Kanthal A1 (aina ya waya wa joto) wa milimita 0.40, nazungusha mara sita kwenye ncha ya drili ya milimita 3, koili mbili. Nikifunga, mashine (ile sehemu yenye betri na kioo) inasoma omu 0.43, yaani ukinzani wa koili. Naweka wati 45, ladha ya embe inakuja yote. Halafu bila taarifa mvuto mmoja unanichoma koo hadi machozi, na nikitazama kioo nakuta 0.85. Nikiigonga kwenye kiganja inarudi 0.43. Aliyeniuzia anasema waya ni feki ninunue mwingine. Kweli?

fundi_simu_luthuli
Mkuu, weka pesa yako mfukoni. Hebu ziangalie hizo namba: 0.85 ni karibu mara mbili ya 0.43. Koili zako zimefungwa sambamba, kila moja ina kama 0.85, zikifanya kazi pamoja ndipo unapata nusu. Kwa hiyo mashine ikikuonyesha 0.85, koili moja imeachia. Waya mbovu hauwezi kukupa hesabu safi namna hiyo.

Na koo linachomeka kwa sababu hiyohiyo. Umeiamuru mashine itoe wati 45, nayo itazitoa tu, haijali koili ziko ngapi. Zikiwa mbili, kila moja inakula 22 na ushee. Ikibaki moja inabeba zote, na pamba iliyo ndani ya koili haiwezi kupandisha juisi kwa kasi hiyo.

Toa pamba, shusha hadi wati 15, bonyeza kidogo kidogo huku ukiitikisa. Koili itakayokataa kuwa nyekundu ndiyo yenye kesi. (Kuwasha kavu hivi ni kwa Kanthal au chuma cha pua. Nikeli na titani usijaribu.) Sasa tazama mguu wake chini ya skrubu. Mguu unatakiwa uzunguke kufuata upande skrubu inakofungia, ili ukikaza uvutwe ndani. Ukiuweka kinyume, kila ukikaza unasukumwa nje, na utadhani umeshika kumbe umeshikwa ncha tu. Kosa la pili ni mkono mzito: kichwa cha skrubu kinakata waya nusu, vipande vinabaki vikigusana, ukitikisa vinaachana. Ndiyo maana kuigonga kunaiponya. Kaza mpaka bisibisi igome, uishie hapo. Iwashe, ikipoa kaza tena kidogo, joto hulegeza.

Omu zikishuka karibu na sifuri, hiyo ni kesi nyingine: mguu umegusa sakafu ya atomaiza, una shoti. Usibonyeze.

dada_wa_pamba
Fundi amemaliza ya waya, mimi niongeze ya pamba maana wengi wanaishindilia. Usirudishe iliyoungua, ladha ile haitoki. Subiri koili ipoe, pitisha pamba mpya: ikwame kidogo lakini koili isipinde ukivuta. Mikia ichambue kwa kibano iwe laini, ikate ifike tu chini ya kisima cha juisi. Mimi natumia ya duka la dawa, ile isiyo na manukato. Mivuto ya kwanza ina ladha ya shuka jipya, kisha inaisha.

kijana_wa_south_b
Hizo koili naweza kuzihamishia kwenye ile vape ya bomba, isiyo na saketi?

fundi_simu_luthuli
Kaka, hapana. Bomba haina kitu cha kuzima shoti. Anza na mashine yenye kioo.

mkazi_wa_umoja
Fundi, asante sana. Ni nguzo ya kushoto, mguu ulikuwa umekatwa nusu vilevile ulivyosema. Nimezungusha koili mpya, imetulia kwenye 0.43 hata nikiitikisa. Swali la mwisho: betri yangu ya saizi ya 18650 imeandikwa mAh 9900 (ujazo wa chaji). Inatosha kwa wati 45?

fundi_simu_luthuli
Hakuna 18650 ya 9900, mkuu. Nzuri zilizo nyingi sokoni haziendi mbali na 3500, na zile za kutoa ampea nyingi huwa 2500 hadi 3000. Wati 45 kwa betri moja iliyoshuka hadi volti 3.2 ni ampea 14, na hapo hujahesabu kinachopotea ndani ya mashine. Tafuta ya ampea 20 za mfululizo, si zile inazozimudu kwa sekunde chache tu. Hiyo yako ipime kwenye mizani ya dijitali: ya kweli ina gramu 45 au zaidi kidogo. Ikija 30, usiirudishe kwenye mashine. Na kama ganda lake la plastiki limechanika, hata usiitembeze mfukoni pamoja na funguo.