Mashoga Kenya ni wangapi? Nilikuwa karani wa sensa, tuongee

Wasee, tangu juzi watu wanarushiana namba. Mmoja anasema ni wawili watatu wanaoiga wazungu, mwingine anasema ni mtu mmoja kwa kila kumi na sayansi imemaliza. Mimi naona wote wawili wameokota, na inaniuma juu hapa tunaongelea watu, na 2019 nilikuwa karani wa sensa kwa hivyo najua vile jibu hutoka mlangoni kwa mtu.

Pipeline, Embakasi. Koridoo giza mchana, nimesimama na tableti, mama anageuza chapati, jirani amefungua mlango kidogo asikie. Kwa sensa mkuu wa nyumba anajibia wote, na huyo baba alinijibia watoto wanne, kijana wake mkubwa ameketi kwa stuli na simu, hakutoa hata neno. Swali la nani anapenda nani halikuwepo kwa hiyo fomu. Lakini hebu liweke. Si huyo kijana angejibiwa na babake? Na kifungu cha 162 cha sheria ya makosa ya jinai kinasema ngono "kinyume na maumbile" ni hadi miaka 14 jela, Mahakama Kuu ilikataa kukiondoa Mei 24 mwaka huo huo, na sisi tukaanza kuhesabu usiku wa Agosti 24, miezi mitatu kamili.

Sensa hiyo hiyo ndiyo ilihesabu huntha (waliozaliwa na maumbile ya jinsia mbili) mara ya kwanza, ikapata 1,524 kwa watu milioni 47.6. Hiyo ni mambo ya maumbile, si ya mapenzi, na hakuna anayefungwa kwa kuzaliwa hivyo, lakini bado mzazi anaficha mtoto.

Sasa hiyo kumi. Ilitoka kwa Kinsey, mtafiti wa mambo ya ngono, Marekani, 1948. Alisema asilimia 10 ya wanaume aliowahoji walikuwa zaidi na wanaume wenzao kwa angalau miaka mitatu, wale wa maisha yote akasema ni asilimia 4, na kati ya aliowahoji kulikuwa na wafungwa wengi. Hiyo ndiyo mtu analeta hapa kama hesabu ya Nairobi, wake kwa waume?

— Karani, ndugu yangu, mbona unazunguka? Uingereza hakuna anayefungwa na bado ni wachache. Sema tu ni wachache, yaishe.

Kaka, nimekusikia na hiyo ni hoja. Sensa ya England na Wales ya 2021 ilipata asilimia 3.2 ya wenye miaka 16 na zaidi. Lakini soma mpaka chini, asilimia 7.5 waliruka hilo swali, yaani walionyamaza ni zaidi ya mara mbili ya waliojitaja. Na Marekani, Gallup, kampuni ya kura za maoni, walipata 3.5 mwaka 2012, kufika 2024 wakapata 9.3 (wanahesabu na waliobadili jinsia), wengi wao wanasema wanapenda wanaume na wanawake pia, na vijana ndio wanajitaja zaidi. Miaka 12 damu ya watu haibadiliki hivyo, kilichobadilika ni bei ya kusema ukweli.

Kuna watafiti wa huko Marekani, mwaka 2013 walifanya kitu kizuri sana. Unapewa orodha ya sentensi, moja ikiwa hiyo ya mapenzi, unasema tu ni ngapi zinakuhusu, husemi ni zipi, kwa hivyo hakuna anayeweza kukushika, halafu wanalinganisha na waliopewa orodha bila hiyo moja. Wasiojiita wapenzi wa jinsia tofauti wakatoka asilimia 11 kwa swali la moja kwa moja kufika 19 kwa orodha. Wale hawakuwa sampuli ya nchi nzima, kwa hivyo usibebe hiyo 19 uilete Kenya, shika tu hilo pengo, na hiyo ni nchi ambayo hakuna jela kwa hilo jambo.

— Basi tufanye hivyo hapa.

Ningependa sana, na mimi mwenyewe ningezunguka nyumba kwa nyumba. Lakini tutatumia neno gani? Ukimuuliza mama wa Mombasa kama ana shoga atakuambia anao watatu na mmoja yuko njiani anakuja, kwake shoga ni rafiki wa kike. Msenge ni tusi, utafungiwa mlango. Mpenzi wa jinsia moja ni lugha ya taarifa ya habari. Na kuna yule mwanaume ana bibi na watoto Kasarani, anaonana na mwenzake mara moja kwa mwezi, muulize kama ni shoga atakataa, na moyoni mwake hajadanganya. Huyo unamuandika wapi?